Kabla ya Kusema Hakuna

Kuna kanuni moja ya maabara ambayo ningependa kila familia iijue. Mtu akipeleka tone la damu kupimwa malaria, mpimaji hulikausha kwenye kioo, hulitia rangi, kisha huliweka chini ya hadubini na kulipitia eneo kwa eneo. Akikiona kijidudu mapema, jibu limepatikana: kipo. Asipokiona, haruhusiwi kuinua kichwa na kusema hakuna. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unamtaka apitie kwanza maeneo yasiyopungua 100. Kwa kusema kipo, kuona mara moja kunatosha. Kwa kusema hakuna, sharti uwe umetafuta kweli.

Nilielezwa kanuni hiyo na mpimaji wa kituo cha afya hapa kwetu Pepa, juu katika milima ya Marungu, eneo la Moba, kusini mwa Kalemie. Wanaoijua Tanganyika ya Kongo kwa ziwa na joto lake hushangaa wakipanda huku, maana hukuta nyanda za majani, ng'ombe, na baridi ya alfajiri inayouma vidole. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi nikisubiri majibu ya mtoto, nikamwuliza mpimaji kwa nini anakawia. Hakuudhika. "Baba," akaniambia, "nikikuambia hakuna, na kumbe vipo, utamrudisha mtoto nyumbani bila dawa. Niache nitafute."

Niliyakumbuka maneno hayo nilipoanza kusoma jinsi wataalamu wa uzazi wanavyolikagua yai la mwanamke kwa hadubini kabla ya kutungisha mimba nje ya mwili. Nilisoma habari hizo kwa sababu ya shangazi yangu, ambaye nitamweleza mbele. Kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba kazi ile ya maabara za mbali ina jambo la kutufundisha sisi tunaoishi mahali ambapo maabara za namna hiyo hazipo.

Yai la binadamu ni seli kubwa sana ukililinganisha na seli nyingine za mwili, lakini upana wake ni takribani sehemu moja ya kumi ya milimita. Mwanamke anayetibiwa hudungwa homoni kwa siku kadhaa ili mayai mengi yakomae kwa pamoja, kisha daktari huyavuta kwa sindano ndefu kutoka kwenye ovari. Yanapofika maabara huwa yamefunikwa na wingu la seli ndogo zilizokuwa zikiyalisha. Ikiwa mbegu itaingizwa kwa sindano, wingu hilo huondolewa taratibu, na hapo ndipo yai linapoonekana lenyewe.

Nimezitazama picha hizo kwa muda mrefu. Katikati kuna duara la kijivu lililotulia, na nje yake ukanda mpana unaopitisha mwanga. Kati ya duara na ukanda pana nafasi nyembamba, na ndani ya nafasi hiyo, upande mmoja, kuna kijitufe kidogo. Macho ya mtaalamu hukitafuta hicho kwanza. Yai linapokomaa hugawa kromosomu zake, likabakiza nusu na kuitoa nusu nyingine ndani ya kijitufe hicho. Kikiwepo, yai liko tayari kupokea mbegu ya mwanamume. Kisipokuwepo, bado halijakomaa, na kulilazimisha ni kulipoteza.

Njia ya kuingiza mbegu moja ndani ya yai kwa sindano ilitangazwa na watafiti wa Brussels mwaka 1992, nayo hukitumia kijitufe hicho kama alama. Yai hushikwa likatulia, kijitufe kikiwa juu, mahali pa saa sita kwenye uso wa saa, kisha sindano huingizwa upande wa saa tisa. Sababu ni kwamba kromosomu zilizobaki hukaa karibu na kijitufe, na sindano ikipita hapo huenda ikazivuruga. Hebu fikiria uangalifu huo: mtu aliyesoma miaka mingi anaipanga mikono yake yote kwa ajili ya kitu ambacho jicho tupu halikioni vizuri, ili asikijeruhi.

Baada ya kuhakikisha kwamba yai limekomaa, mtaalamu hukagua mengine. Je, yai ni la mviringo? Je, ukanda wake una unene ulio sawa pande zote? Je, ndani yake pamelainika, au pana mashimo na chembe zilizorundikana? Wataalamu waliokutana Istanbul mwaka 2010 waliandika sifa za yai zuri na za kiinitete kizuri, yaani yai lililorutubishwa linaloanza kukua, ili maabara zote zitumie kipimo kimoja. Siku hizi kuna pia programu za kompyuta zilizofundishwa kwa maelfu ya picha za mayai ambayo hatima yake inajulikana. Programu hupewa picha ya yai jipya, nayo hutoa alama.

Hapa ndipo somo langu linapoanzia, kwa sababu watu hawa wenye vyombo vya ajabu ni waangalifu mno katika hukumu zao. Wanajua kwamba picha huonyesha umbo, na kwamba jambo kubwa kuliko yote, yaani hesabu sahihi ya kromosomu, halionekani katika picha ya kawaida. Msichana huzaliwa na mayai yake yote, milioni moja hadi mbili, na hatengenezi mengine tena. Yai lililokuzaa wewe msomaji lilianza kuumbwa mama yako akiwa bado tumboni mwa bibi yako. Mayai hayo huzeeka pamoja na mwenye nayo, na hasa baada ya miaka 35 makosa ya kromosomu huongezeka. Hata hivyo yai la mwanamke wa miaka 42 laweza kuonekana safi katika picha kama la binti wa miaka 25. Uzuri wa sura hauhakikishi kilichomo ndani, na kasoro ya sura haimaanishi kwamba ndani pameharibika.

Wamewahi hata kuilegeza hukumu yao wenyewe. Katika maafikiano yale ya Istanbul, yai lenye duara fulani laini ndani yake lilishauriwa lisitumiwe kabisa, kwa kuwa lilihusishwa na watoto wenye matatizo. Baadaye maabara mbalimbali ziliripoti watoto wazima waliotokana na mayai ya aina hiyo, na wataalamu wakaamua kwamba kila kisa kitazamwe chenyewe. Nilipolisoma jambo hilo nilisimama kidogo. Wana hadubini, wana kompyuta, wana miaka ya kumbukumbu, na bado walikuwa tayari kurudi nyuma na kusema: tulikataa mapema mno.

Sasa nirudi kwetu. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliolewa akiwa msichana katika kijiji kilicho kwenye mteremko wa kuelekea ziwani. Miaka ilipita bila mtoto. Yeye hakupimwa chochote, na mumewe hakuulizwa swali hata moja. Wakwe walikaa kikao usiku, na asubuhi shangazi akarudishwa kwetu pamoja na sufuria zake na godoro lake. Mume akaoa mwingine. Huyo wa pili naye hakuzaa, wala aliyemfuata. Hakuna aliyepanda mlima kuja kumwomba shangazi msamaha, wala kuuliza kama hukumu ile ilikuwa ya haki.

Najua kwamba habari hii si ya nyumba yetu peke yake. Wengi wanaosoma hapa wana shangazi wa namna hiyo, au dada, au wao wenyewe ndio hao. Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi watu wa Pepa tunajua kutenda haki katika jambo hili, lakini haki hiyo tunaipa mifugo. Mfugaji mwenye busara akiona jike halishiki mimba, hakimbilii kumwita mchinjaji. Huangalia malisho, huuliza kama limeugua, hulisubiri msimu mwingine, kisha hubadilisha dume. Dume ndilo hushukiwa mapema, kwa kuwa kila mfugaji anajua kwamba dume bovu huharibu zizi zima. Ni fedheha kwetu kwamba ng'ombe hupewa nafasi ambayo mke wa mtu hapewi.

Sayansi inakubaliana na mfugaji. Katika karibu nusu ya visa vya ndoa zinazokosa mtoto, upande wa mwanamume unahusika, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Mbegu za kiume zilionekana kwa hadubini mwaka 1677, zilipotazamwa na Antonie van Leeuwenhoek huko Uholanzi. Yai la mnyama anyonyeshaye lilikuja kuonekana mwaka 1827, Karl Ernst von Baer alipolipata ndani ya mbwa. Kwa hiyo binadamu alianza kuuona mchango wa mwanamume miaka 150 kabla ya kuuona wa mwanamke, lakini mpaka leo lawama inaelekezwa upande mmoja. Na hadubini ileile ya kawaida inayotafuta malaria ina uwezo wa kuonyesha kama mbegu za mwanamume zipo na kama zinakwenda. Kipimo cha kwanza cha ugumba wa mume si cha Ulaya. Kinachokizuia mara nyingi ni kiburi.

Nchi yetu ina historia nzito katika suala hili. Uchunguzi wa idadi ya watu uliofanywa katika Kongo ya wakoloni kati ya 1955 na 1957 ulionyesha kwamba upande wa kaskazini, hasa Uele na Equateur, kulikuwa na wanawake wengi mno waliomaliza umri wa kuzaa bila mtoto. Mtaalamu wa takwimu za watu Anatole Romaniuk aliyachambua matokeo hayo, na sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa magonjwa ya zinaa, kisonono kikiwa mbele, ambayo huacha makovu na kuziba mirija. Fikiria ni wanawake wangapi waliitwa wachawi au waliolaaniwa, na kumbe walikuwa wagonjwa wa maradhi ambayo penisilini ingeyatibu, na ambayo mara nyingi waliletewa nyumbani na waume zao. Hukumu ilikuwa imetolewa kitambo kabla ya mtu yeyote kutafuta sababu.

Ukanda huohuo wa Uele ndio wenye mbuga ya Garamba, na Garamba ndiyo iliyonifikisha kwenye mayai yaliyonigusa kuliko yote. Vifaru weupe wa kaskazini walipata hifadhi yao ya mwisho porini katika mbuga hiyo ya Kongo. Mwaka 2003 walikuwa wamebaki takribani 30. Vita na majangili wakawamaliza, na tangu karibu mwaka 2008 wanahesabiwa kuwa wametoweka porini. Desemba 2009, wanne kati ya waliokuwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové huko Czech walihamishiwa Ol Pejeta, karibu na Nanyuki nchini Kenya: madume Sudan na Suni, na majike Najin na binti yake Fatu. Suni alikufa mwaka 2014. Sudan, baba yake Najin, alikufa tarehe 19 Machi 2018. Dunia nzima ikaandika kwamba basi, kizazi kimekwisha. Wamebaki majike wawili, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kubeba mimba: Najin miguu yake ya nyuma ni dhaifu, na Fatu kizazi chake kina maradhi.

Waliosema hakuna walikuwa na kila sababu. Lakini wapo waliosema tutafute kwanza. Tarehe 22 Agosti 2019, madaktari wa mradi wa BioRescue, wakiongozwa na Thomas Hildebrandt wa Berlin na wakishirikiana na Shirika la Wanyamapori la Kenya, waliwalaza usingizi Najin na Fatu na kuvuta mayai 10. Mayai hayo yalisafirishwa upesi hadi maabara ya Cesare Galli huko Cremona, Italia. Yakatazamwa moja moja chini ya hadubini. Saba yalikomaa. Yakaingizwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokwisha kufa, Suni akiwa mmojawapo. Mawili yakawa viinitete. Kufikia mwanzoni mwa 2024, baada ya awamu nyingi, viinitete vilivyohifadhiwa kwenye baridi kali vilikuwa vimefika 30 hivi.

Njia haijawa nyepesi. Septemba 2023, hapo hapo Ol Pejeta, viinitete vya vifaru weupe wa kusini, ndugu zao wa karibu, vilipandikizwa kwa jike aliyeitwa Curra ili kuijaribu njia yenyewe. Miezi miwili baadaye mvua kubwa ziliamsha bakteria ardhini, na Curra akafa. Walipompasua walimkuta na kijusi dume cha siku 70, chenye urefu wa sentimita 6.4. Katikati ya msiba huo wakapata jibu ambalo hakuna aliyekuwa nalo kabla: kifaru anaweza kushika mimba kwa njia hii.

Lakini habari iliyonifanya niandike ni ya Najin. Viinitete vyote vya vifaru wa kaskazini vilitoka kwa mayai ya Fatu. Ya mama yake hayakufika. Oktoba 2021, Najin akiwa na umri wa miaka 32, wanasayansi walikaa wakapima: anatoa mayai machache, ana uvimbe katika kizazi na katika ovari, na kila dawa ya usingizi ni hatari kwa mwili wake. Wakaamua kumpumzisha. Mtu angeweza kutarajia kwamba hapo jina lake litafutwa kwenye mpango. Haikuwa hivyo. Walieleza kwamba bado anahitajika, kwa kuwa ndama wa vifaru wa kaskazini akizaliwa na mama wa jamii nyingine, atahitaji mwenzake wa kumfundisha kuishi kama jamaa zake. Mafunzo hayo hayamo katika kiinitete. Wanaoyajua duniani ni wawili, Najin na Fatu.

Niliposoma hayo nilimwona shangazi. Simfananishi na mnyama. Nasema tu kwamba wanasayansi walimfanyia mnyama heshima ambayo binadamu walimnyima yeye. Aliporudishwa kwetu, mama yangu alikuwa mgonjwa, na shangazi ndiye aliyetulea. Ndiye aliyenifundisha kukamua: kuosha chuchu kwa maji ya vuguvugu, kumwachia ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kusikiliza pumzi ya ng'ombe kabla ya kukaa. Alitufundisha namna ya kumwamkia mtu mzima na namna ya kumwomba mdogo radhi. Watoto waliopita mikononi mwake leo wako Moba, Kalemie na Lubumbashi, na baadhi yao ni wazazi. Wakwe zake walisema hana mtoto. Sisi tulikuwa wangapi?

Basi haya ndiyo niliyojifunza, na nayasema waziwazi kwa kuwa muda wa kuyasema kwa kunong'ona umepita. La kwanza, ndoa isipojaliwa mtoto, mume na mke waende kupimwa pamoja, siku moja, kwa mlango mmoja. Mwanamume anayemtuma mke peke yake hajaanza kutafuta. La pili, maumivu ya chini ya tumbo na usaha si mambo ya kuficha wala ya kunywea mizizi pekee. Maambukizi yanayotibiwa mapema mara nyingi hayazibi mirija, na hiyo ndiyo kinga ya ugumba iliyo rahisi kuliko zote. La tatu, vijana waambiwe ukweli kuhusu umri, bila vitisho. Mwili una msimu wake, na ndoa inayongoja miaka kumi ndipo iulize, huuliza kwa kuchelewa.

La nne ndilo gumu. Wapo watakaopimwa, watakaotibiwa, wachache hata watakaofika Nairobi, ambako watoto wa kwanza wa Kenya kutungwa nje ya mwili walizaliwa mwaka 2006, na bado hawatapata. Hata katika maabara bora za dunia, mayai mengi hayafiki kuwa mtoto. Walio na imani wataliita jambo hilo mapenzi ya Mungu, nami sitawapinga. Ninachopinga ni kuligeuza kuwa hati ya mashtaka. Mtu aliyekosa mtoto hakupungukiwa utu wake, wala akili yake, wala haki yake ya kukaa katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake.

Kwa hiyo nina ombi kwa ukoo wangu na kwa koo nyingine za Marungu. Watoto tuliolelewa na wanawake wa namna hii tumekuwa watu wazima, na tunaozesha. Siku ya mahari na siku ya harusi, mama mlezi asiwekwe jikoni kusimamia sufuria huku wengine wakiitwa mbele. Aitwe kwa jina lake. Aketishwe mahali pa mzazi, apewe fungu la mzazi, na bwana harusi asimame mbele ya watu aeleze ni nani aliyemlea. Wazee wakiuliza ni desturi ya wapi, waambiwe ni deni, na deni hulipwa mwenyewe akiwa hai.